Yupo, yuko au yumo? Mungu katika falsafa ya Kant, Fichte, Hegel na Schelling

#1 Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mwingine wa dini mchangiaji mmoja aliandika kwamba "falsafa ya Wajerumani ndiyo iliyomuua Mungu". Sentensi ikapita, hakuna aliyeipinga, mjadala ukaenda kwingine. Mimi imenikaa moyoni. Nimelelewa katika nyumba ya mwinjilisti wa Kilutheri, na hao Wajerumani nimewasoma miaka mingi, mwanzo kwa ajili ya mtihani, baadaye kwa sababu nilishindwa kuwaacha. Sioni kundi jingine la wanafalsafa wa zama za karibuni lililomfikiria Mungu kwa muda mrefu na kwa uchungu kama hawa.

Tuanze na chumba kimoja. Mjini Tübingen, kusini mwa Ujerumani, kuna bweni la kanisa liitwalo Stift, ambamo vijana walisomeshwa wawe wachungaji. Mwaka 1788 waliingia humo Hegel na mshairi Hölderlin, wote wawili wa mwaka 1770. Mwaka 1790 akaja Schelling, akiwa na miaka 15 tu. Walilala chumba kimoja. Fichte, mtoto wa mfuma utepe wa kijiji cha Rammenau, naye alisomea theolojia. Inasimuliwa kwamba bwana mmoja mkubwa alichelewa ibada, akaambiwa kuna kijana mchunga bata anayeweza kumrudishia mahubiri yote kwa kichwa. Fichte akayarudia, na bwana yule akamlipia shule. Kant mwenyewe, mkubwa wao, alizaliwa Königsberg mwaka 1724, baba yake fundi wa hatamu za farasi, nyumba ya watu wa sala na uchaji.

Hakuna hata mmoja wao aliyeishia kuwa mchungaji. Lakini swali la mchungaji halikuwatoka.

Sasa hoja yangu, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Kiswahili hakimruhusu mtu kusema kitu "ki" akanyamaza. Lazima uchague: yupo, yuko, yumo. Kuwepo kwetu kunabeba mahali ndani yake. *Po* ni pale panapojulikana, *ko* ni huko kusikoonyesheka kwa kidole, *mo* ni ndani. Tunafundishwa haya tukiwa wadogo, kisha hatuyafikirii tena. Ukiwasoma Wajerumani hawa huku una Kiswahili kichwani, utaona kwamba ugomvi wao, kuanzia 1781 hadi 1841, ni ugomvi wa silabi hizo tatu. Wote wanakubali kumtaja Mungu. Wanachogombania ni kama anaweza kutajwa bila kugeuzwa kitu kimoja kati ya vitu vingine.

Nitaandika kwa vipande. Naomba subira.

#2 Mtoa mada

KANT.

Mwaka 1781 alitoa *Uhakiki wa Akili Tupu*. Humo alizichukua njia tatu ambazo watu wa shule walizitumia kuthibitisha kwamba Mungu yupo, akazipima moja moja.

Ya kwanza ni ya Anselm, askofu wa zama za kati, na mwanafalsafa Descartes aliirudia kwa namna yake. Mungu ni yule aliye mkamilifu kabisa, kuwepo ni sehemu ya ukamilifu, basi yupo. Kant akajibu kwamba kuwepo si sifa. Mfano wake ni wa thaler mia, fedha ya wakati ule. Mimi naomba niuseme kwa shilingi. Laki moja ninayoifikiria ina shilingi zilezile laki moja, haipungui hata senti ukiilinganisha na laki iliyo mfukoni. Ukiichambua dhana ya laki usiku kucha hutapata humo neno "ninayo". Itabidi upapase mfuko. Na tazameni, Kiswahili kinalijua hili. Tunasema Mungu mwema, Mungu mkuu, Mungu mmoja. Kwa kuwepo hatuna kivumishi cha kuweka pale. Lazima tuache orodha ya sifa, tushike kitenzi.

Ya pili inasema vitu vya dunia vingeweza visiwepo, kwa hiyo lazima awepo mmoja asiyeweza kutokuwepo. Kant anasema hapa tunachukua neno "sababu", ambalo kazi yake ni kuunganisha mambo tunayokutana nayo, tunalitumia kama ngazi ya kutokea nje ya yote tunayoweza kukutana nayo. Na hata tukifika huko juu, kusema kwamba huyo wa lazima ndiye Mkamilifu kunatulazimu turudi kuazima hoja ya kwanza, ambayo imeshaanguka.

Ya tatu, ile ya mpangilio wa ulimwengu, aliiheshimu. Alisema ni ya zamani kuliko zote na inastahili kutajwa kwa staha. Ila mwisho wake inakupa fundi mwenye hekima aliyepanga vifaa, haikupi Muumba wa vifaa vyenyewe.

Wengi huishia hapa, wanafunga kitabu, wanasema Kant alibomoa. Lakini katika dibaji ya toleo la 1787 anaandika kwamba ilimbidi aondoe ujuzi ili apate nafasi ya imani. Na mwaka 1788, katika uhakiki wake wa pili, Mungu anarudi kwa mlango mwingine. Mtu anajua wajibu wake. Anajua pia kwamba mwema anaweza kufa maskini na mwovu akazikwa kwa heshima. Akili inayotuamuru tutende haki haiwezi kukubali kwamba wema na heri havitakutana kamwe, kwa hiyo ni lazima itumaini kuwa yupo awezaye kuvikutanisha. Kant aliliweka kwa uangalifu mkubwa: nisiseme "ni hakika kwamba Mungu yupo", niseme "*mimi* nina hakika". Hakika hiyo inabebwa na maisha yangu, haiwezi kuandikwa ubaoni ikaachwa hapo.

Kwa hiyo kwa Kant Mungu *yuko*. Huko. Kidole hakifiki, miguu inaelekea.

Bei yake ipo. Katika kitabu cha dini cha 1793 anasema sala ya maneno, ikichukuliwa kama huduma anayofanyiwa Mungu, ni upotofu. Roho ya sala ni ile nia ya kumpendeza katika kila tunalotenda. Anaongeza kwamba mtu akikutwa peke yake anasali kwa sauti, ataona haya. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimkumbuka mama yangu alfajiri jikoni, akisali kwa sauti huku anapuliza moto. Hakuona haya hata siku moja, tulikuwa sita tunamsikiliza.

Kitabu hicho kilimletea matatizo. Oktoba 1794 mfalme Friedrich Wilhelm II alimtumia barua ya karipio kupitia waziri wake Wöllner. Kant akaahidi, "kama raia mtiifu kabisa wa Mtukufu Mfalme", kutoandika tena juu ya dini. Mfalme alipofariki 1797, mwaka uliofuata Kant aliichapisha barua ile na kueleza kwamba maneno hayo aliyachagua makusudi: ahadi ilimhusu mfalme yule, na mfalme yule hayupo tena.

#3 Mchangiaji

Asalaam alaykum. Mtoa mada ahsante, nafuatilia kwa makini. Ila nadhani Kant anapewa ushindi mapema. Hoja ya pili uliyoitaja sisi tunayo kwa Ibn Sina, karne nyingi kabla: Wajibul-wujud, ambaye kuwepo kwake ni lazima. Yeye haanzi na dhana ya "mkamilifu" akaitoa humo. Anaanza na chochote kile kilichopo, anauliza kama kingeweza kisiwepo. Je, Kant anamgusa?

#4 Mtoa mada

Waalaykum salaam ndugu yangu. Swali zito, na nadhani una haki nusu.

Pigo la Kant kwamba hoja ya pili inaegemea ya kwanza linawapata zaidi wale wanaoruka haraka kutoka "wa lazima" kwenda "mkamilifu". Ibn Sina anakwenda hatua kwa hatua: akishapata wa lazima, ndipo anaonyesha kwamba lazima awe mmoja, asiye na sehemu. Hapo hajaazima kitu. Pigo jingine bado lipo: Kant atakuuliza, neno "sababu" umelitoa wapi, na nani kakupa ruhusa ya kulivusha mpaka?

Hegel alilichukulia swali kwa upande wako. Mwaka 1829 alitoa mihadhara maalumu juu ya uthibitisho wa Mungu, akasema kosa ni kuzisoma hoja hizi kama hesabu ya dukani. Kwake ni maelezo ya safari: moyo na akili vikiondoka kwenye vitu vinavyopita, vikipanda kwa asiyepita. Mtu hupanda kwanza, kisha mwanachuoni anakuja kuandika njia aliyopita. Nadhani msomaji wa Ibn Sina hataona mgeni hapo.

#5 Mtoa mada

FICHTE. Hapa mambo yanachemka, na ndipo tuhuma ya kumkana Mungu ilipoanzia.

Mwaka 1792 kilitoka kitabu juu ya ufunuo bila jina la mwandishi. Watu wakadhani ni cha Kant. Kant akatangaza kuwa si chake, akamtaja Fichte, na kijana aliyekuwa hajulikani akawa maarufu. Mwaka 1794 alikuwa profesa katika chuo kikuu cha Jena.

Mwaka 1798, katika jarida alilohariri pamoja na Niethammer, alichapisha makala fupi juu ya msingi wa imani yetu kwamba Mungu anautawala ulimwengu. Akasema: utaratibu wa haki ulio hai na utendao, huo wenyewe ndio Mungu; hatuhitaji mwingine na hatuwezi kumfahamu mwingine. Utaratibu huu msiuelewe kama vyombo vilivyokwisha pangwa kabatini. Ni kule kupanga kwenyewe, kunakoendelea, ambako kila tendo la haki linaingia humo na halipotei.

Kwa nini asiseme tu kwamba Mungu ni nafsi, anajua, anapenda? Hoja yake bado inanisumbua. Mimi najijua kuwa mimi kwa sababu kuna kisicho mimi. Ufahamu ninaoujua una ukuta upande wa pili. Nikimpa Mungu ufahamu wa namna hiyo nimempa na ukuta. Sijamfikiria Mungu, nimejizidisha mwenyewe tu. Na nikisema ni kitu kilichopo kama vingine vilivyopo, nimemweka mahali na wakati. Kwa maneno yetu: Fichte hakubali *po*, hakubali *ko*, wala *mo*.

Serikali ya Saxony ililipiga marufuku jarida, ikazishinikiza serikali jirani zichukue hatua. Weimar, serikali iliyosimamia chuo cha Jena, alikokuwa mshairi Goethe katika baraza, ingetaka yaishe kimya kimya. Fichte hakuwa mtu wa kimya. Akaandika kwamba akikaripiwa atajiuzulu, nao wakaipokea barua kama kujiuzulu. Mwaka 1799 alihama Jena kwenda Berlin.

Kabla ya kuondoka alitoa waraka kwa umma kujitetea, na sehemu moja nimeirudia mara nyingi. Anawageuzia washtaki: ninyi mnaotafuta Mungu wa kuwagawia raha, mnaabudu sanamu. Nikisikia mahubiri ya siku hizi ya "panda mbegu uvune gari", namsikia Fichte akisema hivyo.

#6 Mchangiaji

Mkuu, hata hivyo mimi naona Saxony walikuwa sahihi. Ukisema Mungu ni "utaratibu", hujamkana kwa lugha ya adabu? Nani anaweza kuuambia utaratibu "Baba yetu"?

#7 Mtoa mada

Swali lako lilikwisha ulizwa, na mtu aliyeliuliza alikuwa rafiki wa Fichte, si adui. Jacobi, mwaka huohuo 1799, alimwandikia barua ya wazi. Alisema falsafa inayokubali tu kile ilichokijenga yenyewe itaishia kwenye utupu, akautaja kwa neno *nihilismu*, ambalo baadaye lilienea dunia nzima. Kisha akampa chaguo: Mungu yupo, na yupo nje yangu, aliye hai, anayesimama kwa nafsi yake, ama sivyo, mimi ni Mungu. Hakuna la tatu.

Jacobi huyu ndiye aliyewasha moto mwaka 1785 alipochapisha barua zake juu ya Spinoza, mwanafalsafa aliyefundisha kwamba Mungu na maumbile ni kitu kimoja. Alitangaza kwamba Lessing, mwandishi aliyeheshimiwa kuliko wote, alimwambia kabla ya kufa kwamba yeye anajua moja tu: *hen kai pan*, Kigiriki cha "mmoja na yote". Mendelssohn, rafiki mkubwa wa Lessing, alimtetea mpaka kifo chake Januari 1786. Kelele zile ziliwafanya vijana wa Tübingen wamsome Spinoza kwa hamu. Februari 1795 Schelling alimwandikia Hegel kwamba amekuwa mfuasi wa Spinoza, na kwamba kwao wao dhana za zamani za Mungu hazipo tena.

Na Hegel alimjibu Jacobi mwaka 1802 kwa sentensi moja niipendayo sana: falsafa inasema la tatu lipo, na ni falsafa kwa sababu la tatu lipo.

#8 Mtoa mada

HEGEL. Hapa nitakaa zaidi kidogo.

Chora mstari. Upande huu ulimwengu, wenye mwisho. Upande ule Mungu, asiye na mwisho. Ndivyo wengi wetu tunavyochora. Hegel anauliza: Mungu anaishia wapi? Anaishia penye mstari. Ulimwengu ndio unaomzuia asiwe huku. Basi huyo uliyemwita asiye na mwisho ana mwisho. Umepata vitu viwili vyenye mipaka, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Asiye na mwisho wa kweli hawezi kukaa kando ya chenye mwisho. Lazima amkumbatie huyu mwenye mwisho ndani ya maisha yake.

*Yumo.*

Kwa sababu hiyohiyo aliirudia hoja ya thaler mia na kuikataa. Thaler ni kitu chenye mwisho, na kitu chenye mwisho ni hicho hasa ambacho kuwazwa kwake na kuwepo kwake vinaachana. Kumpimia Mungu kwa mfuko wa fedha ni kusahau unazungumza juu ya nani.

Halafu anafanya ambalo Kant hakuthubutu: anayachukua mafundisho ya katekisimu na kusema yote ni kweli, ila dini inayasema kwa taswira na falsafa kwa dhana. Utatu kwake si kitendawili cha kuhesabu moja na tatu. Ni mwendo wa Mungu mwenyewe: aliye, ajitoaye katika kilicho kingine kuliko yeye, na ajirudiaye. Ijumaa Kuu anaichukua kwa uzito ambao sijauona kwa mwanafalsafa mwingine. Anautaja wimbo wa Kilutheri wenye maneno "Mungu mwenyewe amekufa", anasema hapo Mungu amefika hata kwenye kifo, hakuna tena kona ya maisha iliyo nje yake. Hayo yalisemwa darasani miaka mingi kabla ya mwanafalsafa Nietzsche kuyaandika mwaka 1882. Wanaosema "Wajerumani walimuua Mungu" wengi wao wanaikumbuka sentensi bila kujua kwamba kabla ya hapo iliimbwa kanisani.

Na baada ya Ijumaa Kuu? Roho. Hegel anasema Roho ni Mungu akiwa hai katika *Gemeinde*. Waingereza wanalitafsiri "jumuiya", nalo linapoa. Sisi Walutheri wa Kiswahili tuna neno lilelile kila Jumapili: usharika. Limetoka kwenye kushiriki. Nilipoliweka neno hilo mahali pake nikaisoma upya mihadhara ya dini, ile ya 1821, 1824, 1827 na 1831, ilikuwa kama mtu kafungua dirisha. Mungu yumo katika kushiriki: kusameheana, kumega mkate, kubeba msiba wa jirani. Sijui tafsiri ya lugha nyingine inayolibeba wazo la Hegel vizuri namna hii, na haikufanywa na mwanafalsafa, ilifanywa na kanisa.

Lakini sitawaficha ninapokwama. Hegel anasema pia kwamba bila ulimwengu Mungu si Mungu. Na historia, ambayo yeye mwenyewe anaiita mahali pa kuchinjia furaha za mataifa, anaisoma kama utetezi wa haki ya Mungu. Kila kifo kinapata nafasi yake katika mwendo. Nimekaa kwenye misiba. Siwezi kumwambia mama aliyefiwa na mtoto kwamba mtoto wake ni hatua.

#9 Mchangiaji

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mtumishi, na nimesoma theolojia kiasi. Hilo la usharika limenigusa, nitalitafakari. Ila nauliza mawili. Mosi, kama Mungu yumo katika usharika, usharika ukigombana na kugawanyika, naye anagawanyika? Pili, Feuerbach na Marx si matunda ya mti huu?

#10 Mtoa mada

Amina mtumishi.

La pili kwanza, kwa kifupi. Ndiyo, ni matunda. Hegel alifariki ghafla 14 Novemba 1831 wakati wa kipindupindu cha Berlin, na ndani ya miaka kumi wanafunzi walikuwa wamegawanyika. Strauss, aliyekuwa akifundisha palepale Stift ya Tübingen, alitoa kitabu cha maisha ya Yesu mwaka 1835, akapoteza kazi. Feuerbach mwaka 1841 aliugeuza msemo wote: si Mungu anayejijua kwa mwanadamu, ni mwanadamu anayejitazama na kuita picha yake Mungu. Ukimsoma Feuerbach utakuta ni ile hoja ya Fichte ya "umejizidisha mwenyewe", imeondolewa hofu ya Mungu. Mti mmoja huweza kuzaa matawi yanayotazamana vibaya.

Na kuna tawi ambalo lilitufikia sisi. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuandika sarufi na kamusi ya Kiswahili, alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, kijiji kilicho ubavuni mwa Tübingen, na theolojia aliisomea mji huohuo mwanzoni mwa miaka ya 1830. Yeye alikuwa wa upande wa sala na Biblia. Mji mmoja, miaka ileile, Strauss na Krapf.

La kwanza, kuhusu usharika kugawanyika, sina jibu la Hegel litakaloniridhisha. Nadhani hapo ndipo Schelling anapoingia.

#11 Mtoa mada

SCHELLING. Yule mdogo wa chumba kile, ndiye aliyeishi kuwazika wote.

Mwaka 1809 aliandika juu ya uhuru wa binadamu. Alitaka kitu ambacho wenzake walikipita haraka: uovu ni halisi, si upungufu wa wema tu, si kivuli. Utatoka wapi, kama Mungu ndiye yote? Akajibu kwa kutofautisha ndani ya Mungu mwenyewe kati ya Mungu aliyepo na msingi anaosimama juu yake, msingi wenye giza na hamu, ambao ni wa Mungu lakini si Mungu mwenyewe. Anazungumzia huzuni iliyotandikwa juu ya maumbile yote. Septemba mwaka huohuo mkewe Caroline alifariki. Baada ya hapo, katika miaka 45 iliyobaki ya uhai wake, alichapisha kidogo sana.

Mwaka 1841 mfalme mpya wa Prussia, Friedrich Wilhelm IV, alimwita Berlin ili ang'oe mbegu ya Hegel. Ukumbi ulifurika. Walikuwemo Engels, mwenzake Marx wa baadaye, Bakunin, mwanamapinduzi wa Kirusi, na Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark. Kierkegaard aliandika kwamba Schelling alipotamka neno "uhalisi", wazo lililokuwa tumboni mwake liliruka kama kitoto cha Elisabeti. Baadaye alichoka na mihadhara, akaondoka.

Schelling alisema nini? Kwamba akili inaweza kueleza kitu ni nini, endapo kipo. Kwamba *kipo*, hilo akili hailizalishi. Inalikuta. Hegel alijenga nyumba nzima ya "nini", akadhani amefika kwenye "kwamba". Kuwepo kunatangulia fikra. Unapofungua macho kufikiri, kumekwisha kuwepo. Ndiyo maana falsafa inayoishia kwenye dhana ya Mungu inamwacha mtu na njaa. Na katika mihadhara ya uzeeni anasema kinachotakiwa na moyo si dhana hiyo. Unamtaka Yeye, Mungu atendaye, mwenye riziki na uongozi mkononi mwake. Kwa sababu, anasema, nafsi huitafuta nafsi.

Nisome tena hoja ya Fichte kwamba nafsi ina ukuta. Schelling haibomoi. Anasema tu kwamba njaa ya mtu haishibi kwa kitu kisicho nafsi, na kwamba njaa hiyo nayo ni ushahidi unaopaswa kusikilizwa. Mimi ninasimama karibu na hapo. Kant ananifunza nisijidai kujua, Hegel ananifunza nisimweke Mungu nje ya mkate ninaomega. Lakini usiku wa msiba nikiwa peke yangu, ninachohitaji ni kusikilizwa.

#12 Mchangiaji

Mtoa mada, mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Uzi mzuri, lakini nakukosoa kidogo. *Po, ko, mo* tunazitumia hata pasipo mahali. "Tatizo lipo", "haki ipo", "matumaini yapo". Hakuna anayeulizia tatizo liko kona gani. Usiibebeshe sarufi mzigo wa falsafa. La pili ni dogo: hao wanne, kuna yeyote aliyesali kweli, au yote yalikuwa darasani?

#13 Mtoa mada

Mwalimu, nakubali. "Haki ipo" haina kona, na hilo linanisahihisha: inawezekana *po* imeshajifunza kutaja kuwepo bila mahali, na Kiswahili kimefanya kimya kimya kile Fichte alichodhani hakiwezekani. Nitalifikiria upya.

La pili, ya sirini siwezi kuyasema. Lakini kuna barua moja. Mwishoni mwa Januari 1795 Hegel ana miaka 24, ni mwalimu wa watoto katika nyumba ya matajiri huko Bern, Uswisi, peke yake. Anamwandikia Schelling, ambaye bado yuko Tübingen. Anaongelea Kant, wachungaji, vitabu. Halafu katikati ya hayo anaandika: "Ufalme wa Mungu na uje, na mikono yetu isikae bure."